Uzi wa Nuru Usiosahau Upande Wake

Ninyi mnaobeba ngazi mabegani kila asubuhi kwenda kuingiza faiba katika nyumba za watu, nawasalimu. Huwa nawaona nikiwa kwenye benchi nje ya kanisa letu hapa Ngara. Mnakaa kando ya barabara chini ya mwavuli, mashine ya kuungia iko mapajani, mnaunga nyuzi huku mkipiga hadithi. Mikono yenu ni myepesi. Yangu haikuwahi kuwa myepesi hivyo hata nilipokuwa na umri wenu. Namshukuru Mungu kwa ajili yenu, na sisemi hivyo kwa mazoea.

Mjukuu wangu Neema ni mmoja wenu. Juzi alikuja nyumbani na mashine mpya ya kazini kwao, akaiweka mezani kati ya vikombe.

"Kuka," akaniambia, maana ndivyo sisi watu wa Bungoma tunavyoitwa na wajukuu wetu, "hii ukiiwekea uzi inajipanga yenyewe. Hata ule uzi wako wa macho mawili."

Nikaitazama ikifanya kazi. Ilizungusha uzi kushoto, ikazungusha kulia, ikasimama, ikaunga. Kazi iliyokuwa ikinichukua asubuhi nzima ilimalizika kabla chai yangu haijapoa. Nikafurahi kwa kweli. Kisha nikamwuliza, "Na ukishaunga, unashika?"

"Nashika nini?"

Kwa ajili ya swali hilo nimechukua kalamu.

Wengi wenu hamjawahi kuugusa uzi wa macho mawili, kwa hiyo niueleze kwanza. Chukua kamba, funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, ushike ncha ya pili. Ukitikisa mkono juu na chini, wimbi linakimbia hadi mlangoni likiwa limesimama. Ukitikisa kushoto na kulia, wimbi linafika likiwa limelala. Nuru nayo hutetemeka hivyo, ina upande wake. Katika faiba ya kawaida upande huo hupotea njiani. Uzi ukikunjwa, ukikanyagwa au ukipigwa na jua, nuru iliyoingia imesimama hutoka imelala, au imeinama, au inazunguka. Intaneti haijali. Intaneti inataka nuru ifike tu, hata ikifika kichwa chini.

Kuna vyombo vinavyojali. Kwa vyombo hivyo kuna uzi mwingine. Ndani yake, pande mbili za kiini kinachopitisha nuru, zimewekwa fito mbili nyembamba za kioo cha aina nyingine, na fito hizo hukibana kiini daima, tangu siku uzi ulipotengenezwa. Kwa sababu ya kubanwa huko, nuru iliyoingia imesimama huendelea kusimama hadi mwisho, hata uzi ukizungushwa mara elfu. Ukiukata na kuutazama mwisho wake kwa hadubini, unaona duara lenye macho mawili, na kiini katikati kama pua. Ukiunga nyuzi mbili za aina hii, macho lazima yatazamane na macho. Pua kwa pua haitoshi.

Haya sikuyajua siku niliyoingia karakana ya Mama Surjit. Nilikuwa nimeunga faiba za kawaida katika majengo mengi ya ofisi katikati ya jiji, nikajiona nimefika. Mama Surjit alikuwa mjane wa Kisingasinga. Marehemu mumewe alikuwa akitengeneza vyombo vya wapima ardhi hapa Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mume alipofariki, watu walimtazamia Mama afunge karakana. Yeye alifungua mlango siku ya kumi, akaketi kwenye kiti cha mumewe, na vyombo vya nuru vilipoanza kuingia nchini akajifunza navyo, peke yake, kwa makaratasi na kwa uvumilivu.

Siku ya kwanza alinipa vipande viwili vya uzi niunge. Nikaunga. Kipima nuru kikaonyesha kwamba karibu hakuna kilichopotea. Nikakigeuza aone mwenyewe.

"Nuru imefika yote?" akauliza.

"Yote, Mama."

"Imefika imesimama ama imelala?"

Nilidhani ananitania. Alipoona uso wangu akachukua mkoba wake akasema, "Kuja tutembee."

Tukatembea hadi River Road, kwa kijana mmoja aliyeuza miwani ya jua kwenye ubao. Mama Surjit akachukua jozi mbili, akaziweka moja mbele ya nyingine, akaanza kuzungusha ile ya mbele polepole huku akitazama angani.

"Mama, hiyo ni original," kijana akasema. "Hata jua inaiogopa."

"Hii inaogopa mimi, si jua," Mama akajibu, akazirudisha. "Nipe zingine."

Jozi ya tatu na ya nne zilikuwa za kweli. Alipozungusha ile ya mbele robo mzunguko, vioo vyote viwili viliingia giza, kana kwamba mtu amefunga dirisha. Akazungusha tena, mwanga ukarudi. Kijana alipiga kelele hadi watu wa duka la vyuma wakatoka nje kutazama.

"Hiyo ni uchawi! Mama, rudia!"

Mama akarudia, kisha akanipa mimi. Nilisimama pale River Road, watu wakinipita wakiwa na mabomba na mabati mabegani, nikazima anga na kuiwasha tena kwa vidole vyangu. Kioo cha kwanza kinapitisha nuru iliyosimama tu. Cha pili, kikilazwa, kinaikataa. Namkumbuka Muumba kila nikifikiria dakika ile, kwa sababu nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo ndani ya nuru na sikujua kwamba ina upande. Mwezi uliofuata tulimkuta yule kijana akiwaonyesha wateja mchezo huohuo, akijiita profesa.

Ndivyo nilivyoanza upya. Mama Surjit alikuwa na sheria ndogondogo, na nyingine niliziona za ajabu. Hakuna kula mandazi kabla ya kuunga, kwa sababu mafuta hayatoki vidoleni hata ukinawa. Kila kipande cha uzi kilichokatwa kinabandikwa kwenye utepe mweusi na kuhesabiwa, kwa sababu kipande kilichopotea kitapatikana baadaye ndani ya mguu wa mtu. Nilicheka, hadi siku moja kikapatikana ndani ya kidole gumba changu, nikakitunza siku tatu kama mgonjwa. Na saa mbili kila asubuhi, kabla ya taa ya kwanza kuwashwa, dakika tano za kimya. Yeye alisali kwa imani yake, mimi kwa yangu, kila mtu kwenye meza yake. Sijawahi kufanya kazi mahali penye amani zaidi ya pale.

Lakini sheria kubwa ilikuwa moja, nayo ni kushika.

Ukishaunga uzi wa macho mawili, unawasha nuru upande mmoja, unaweka kioo cha kuchuja upande wa pili, unakizungusha hadi sindano ya kipimo ishuke chini kabisa. Giza likiwa zuri, fundi wa kawaida anafurahi na kufunga. Mama Surjit alisema hapo kazi ndiyo inaanza. Kama macho hayakutazamana sawasawa, sehemu ya nuru imeingia njia isiyo yake, na njia hizo mbili, ya kusimama na ya kulala, zina mwendo tofauti. Uzi ukitulia kwenye baridi, zinaweza kukutana mwishoni vizuri kwa bahati tu, ukaona giza zuri, ukadanganyika. Kwa hiyo unauzungushia uzi kiganja, bila kuubana, unaupasha joto la mwili wako, na unatazama sindano. Ikitulia, kazi ni nzuri. Ikianza kupanda na kushuka kama mtu anayepumua, kata uanze tena.

Kila chombo kilichotoka pale kilifungiwa kadi ndogo kwa uzi wa pamba. Kwenye kadi, Mama Surjit aliandika neno moja kwa mkono wake: Imeshikwa. Chini yake akatia sahihi. Wateja hawakusoma kitu kingine.

Sasa niwaambie juu ya ile dira.

Ilikuwa Julai, baridi ile ya Nairobi inayoingia hadi kwenye mifupa ya meza. Kampuni moja ya kandarasi ilikuwa ikipitisha bomba la maji chini ya barabara kule Spring Valley bila kuipasua lami. Wanachimba shimo upande huu na shimo upande ule, kisha mtambo unatoboa ardhi kwa kulala kutoka shimo hadi shimo. Chini ya barabara hiyo kulikuwa na waya mkubwa wa umeme, na karibu na waya kama huo dira ya sumaku huchanganyikiwa. Kwa hiyo kichwa cha mtambo kilibeba dira ya nuru. Ndani yake kuna koili ya uzi wa macho mawili, ukubwa wa chapati, mamia ya mita yamezungushwa pale. Nuru inatumwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kichwa kikigeuka hata kidogo, nuru moja inafika ikiwa imechelewa kuliko nyingine, na dira inajua imegeuka kiasi gani. Uzi ulikuwa umekatika pale koili inapoanzia, wakatuletea dira. Kazi ilikuwa kuunga mara moja tu.

Aliyekuwa apokee kichwa cha mtambo, ndani ya shimo la upande wa pili, ni Barasa. Huyu tulitoka naye Bungoma, tukaimba naye kwaya, na alikuwa akifanya vibarua vya kuchimba popote vilipopatikana.

Siku ya kuunga, Alhamisi, mimi kama mzee wa kanisa nilikuwa na zamu ya kuongoza maombi ya saa ya mchana katika ukumbi mmoja mjini. Watu wa ofisi, wauza maduka na vibarua walikuwa wakikutana pale wakati wa chakula, wanaimba wimbo, mmoja anatoa ushuhuda, wanarudi kazini. Niliipenda zamu hiyo kupita kiasi. Niliweka nyuzi kwenye vibanio, nikazizungusha chini ya hadubini hadi macho yakatazamana, nikakaza skrubu, nikaunga. Mama Surjit alikuwa amenifundisha kwamba baada ya kukaza utazame tena, maana kukaza kwenyewe kunaweza kugeuza uzi. Sikutazama tena. Nikawasha nuru, sindano ikashuka ikalala. Giza zuri sana. Saa ya maombi ilikuwa imefika. Nikafunga dira na kuteremka ngazi nikiwa bado navaa koti.

Sikushika.

Kule ukumbini mtu wa kutoa ushuhuda hakufika, nikasimama mimi. Nikawaambia ndugu jinsi Bwana alivyoniwezesha asubuhi ile kuunga uzi ambao ni mafundi wachache katika jiji hili wanaouweza, kwamba kazi imekamilika na utukufu ni wake. Barasa alikuwa amekaa mbele, maana bila dira hapakuwa na kazi siku hiyo. Alipiga makofi kuliko wote.

"Kumbe dira yetu imetengenezwa na ndugu!" akasema kwa sauti. "Kesho naingia kwa shimo bila wasiwasi."

Niliporudi Ngara, dereva wa kampuni alikuwa amesimama mlangoni. Mama Surjit alikuwa na kadi mkononi.

"Umeshika?" akaniuliza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu nilivyojibu. Haikuwa hofu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuogopwa. Nadhani ni kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwashuhudia watu, na mtu aliyeshuhudia hawezi kusema ngoja kidogo nikaangalie.

"Nimeshika, Mama."

Akaandika. Akatia sahihi. Dereva akaondoka na dira.

Niache hadithi kidogo. Mtu anaposimulia kosa lake hupenda kusema kwamba roho ilimsumbua, hakula. Mimi nilikula vizuri nikalala vizuri. Nawaambia msiingoje dhamiri iwapigie kengele kila wakati. Dhamiri yangu siku ile ilikuwa imeshiba sifa, ikanyamaza. Kilichoniamsha ni kipande cha mpira.

Asubuhi ya Ijumaa, baada ya zile dakika tano za kimya, nilisafisha vibanio. Nikaona mpira wa kibanio cha kulia umelika upande mmoja. Nikaweka kipande cha uzi, nikakizungusha hadi macho yakasimama wima, nikakaza skrubu, nikatazama tena. Macho yalikuwa yameinama. Nikalegeza, nikarudia. Yakainama vilevile. Nikarudia mara ya tatu nikitumaini kuona kitu kingine.

Mama Surjit alikuwa akifuta miwani yake. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Mama, jana sikushika."

"Hukushika nini?"

"Ile dira. Uliniuliza nikasema nimeshika. Sikushika. Na hiki kibanio kinageuza uzi."

Alivaa miwani, akaja kwenye hadubini yangu, akakaza skrubu mwenyewe, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Digrii kama kumi," akasema.

"Kumi au zaidi."

"Nani iko kwa shimo leo?"

"Barasa."

"Yule wa kuimba?"

"Ndiyo, Mama."

Laiti angenigombeza. Akapiga simu ya msimamizi wa kazi, Injinia Mutua. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Kisha akachukua ufunguo wa gari na kitambaa chake cha kichwa, akageuza kile kibao cha mlangoni upande wa kufungwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona likifanyika asubuhi.

Njiani niliomba. Sikuomba niokoke na aibu. Nataka mjue hilo, kwa sababu ndiyo maombi pekee ya wiki ile ambayo siyaonei haya. Niliomba Barasa awe hajaingia shimoni.

Kule Spring Valley tulisikia mtambo kabla ya kuuona, nyuma ya ua mrefu wa mojawapo ya zile nyumba kubwa. Mabomba ya mtambo yalikuwa yameanza kuingia ardhini moja baada ya jingine. Ng'ambo ya barabara niliona kofia ya njano ya Barasa ikiwa usawa wa lami, maana mwili wote ulikuwa ndani ya shimo.

"Madam, karibu!" Injinia Mutua akapaza sauti juu ya kelele. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, matope hadi magotini. "Umekuja kutusalimia?"

"Nimekuja kuzima mashine yako."

Akacheka. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Nikamweleza, maneno mafupi, nikisimama karibu na sikio lake. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa namna niliyotarajia.

"Kadi ninayo. Imeandikwa imeshikwa. Sahihi ya Madam iko." Akaitoa mfukoni mwa koti. "Hii barabara nimepewa leo peke yake. Unataka nivute bomba zote nje juu ya mzee wa kanisa kusumbuliwa na roho?"

"Nionyeshe kadi," Mama Surjit akasema.

Akampa. Mama akairarua mara mbili, akaweka vipande ndani ya mkoba wake, akaufunga.

"Sasa hauna kadi. Chimba kama unataka."

Injinia aliutazama mkoba uliofungwa. Bila kadi ile, lolote ambalo lingetokea chini ya ile lami lingekuwa lake peke yake, na alilijua hilo. Akainua mkono, mtambo ukanyamaza. Ndege wakasikika. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mzee. Hiyo dhamiri yako haingeamka jana?"

"Ilifaa iamke jana, Injinia. Imeamka leo."

Walianza kuvuta mabomba nje. Barasa akapanda kutoka shimoni, akavuka barabara akijifuta mikono kwenye suruali.

"Ndugu, kuna nini? Dira imekufa?"

"Haijafa. Ni mimi. Sikuipima vile inavyotakiwa."

"Si ulitushuhudia jana?"

Hakungoja jibu. Alirudi akachukua chupa yake ya chai.

Dira ilipotoka, ilifutwa matope, ikalazwa juu ya magunia mawili ya mchanga ili isisogee hata kidogo. Mwelekeo wake ukasomwa kwenye skrini, nambari zikatulia. Injinia akanitazama kama kusema, unaona? Ndipo Mama Surjit akamwomba Barasa chai. Akalowesha kitambaa kwa chai ya moto, akakikunjia juu ya dira pale koili ilipo, akaweka kiganja chake juu, akauchukua mkono wa Injinia na kuuweka juu ya wake.

Tukangoja. Nambari ya mwisho ikabadilika. Ikabadilika tena. Kisha ile ya kabla yake ikaanza kwenda, polepole, upande mmoja tu.

"Inatembea," Injinia akasema.

"Na imelala," Mama akasema.

"Inatembea na imelala." Akauondoa mkono wake. Kichwa cha mtambo kikitoboa udongo hupata moto kuliko kitambaa cha chai, na hilo yeye alilijua kuliko sisi. Akatazama ng'ambo, alama za rangi zilizoonyesha unapopita ule waya, kisha shimo. "Barasa, leo usirudi kwa hilo shimo."

Mtaniuliza kama mtambo ungegusa umeme. Sijui. Pengine ungepita mbali, bomba likafika salama, na mimi nikabaki na ushuhuda wangu hadi leo. Nimelikubali jambo hilo kwamba sitalijua hapa duniani. Najua tu kwamba Barasa alikaa juu ya kifusi akanywa chai iliyobaki, nami nikamtazama akinywa, nikashukuru kwa kila funda.

Jumamosi tuliunga upya. Mpira mpya kwenye kibanio, kutazama, kukaza, kutazama tena. Nilishika mimi, kisha Mama akashika. Sindano haikutikisika. Akachukua kadi, akaandika lile neno, akanisogezea kalamu.

"Weka yako kwanza. Yangu chini."

Tangu siku hiyo kila kadi iliyotoka pale ilikuwa na sahihi mbili. Nilipomaliza kuandika, nilidhani yamekwisha.

"Na wale wa kanisa?" akauliza.

"Wale wa kanisa, Mama?"

"Uliwaambia kazi iko sawa. Hao pia wamebeba kadi yako. Yangu nimerarua. Ile yao nani atararua?"

Nimesoma mafundisho ya imani tangu utoto, nimewafundisha wengine, na nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka ambayo siihesabu tena. Sijafundishwa jambo hilo na mtu mwingine kwa uwazi kama alivyonifundisha mama yule asiye wa dini yangu.

Jumatatu, saa ya mchana, wimbo ulipokwisha, niliomba nafasi. Barasa alikuwa mahali pake mbele, viatu vikiwa na matope ya Spring Valley, maana walikuwa wamepewa barabara tena, wakamaliza kupitisha bomba asubuhi ile, na dira ilikuwa imefika pale ilipotakiwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa Mama Surjit, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Sikumwalika.

Nikasema yote. Kwamba Alhamisi niliwashuhudia juu ya kazi ambayo sikuwa nimeipima. Kwamba nilikimbia kuja kwenye maombi nikaacha kazi ambayo maisha ya ndugu yangu yalikuwa juu yake. Kwamba niliulizwa na mtu aliyeniamini nikamdanganya usoni, nikiwa bado na joto la kuombea wengine. Nikamwomba Barasa msamaha kwa jina lake, mbele ya wote, kisha Mama Surjit.

  Watu wetu wana zoea la kuitikia kila ushuhuda, lakini huu haukuwa wa ushindi, na hakuna aliyejua kama unaitikiwa. Barasa alikuwa ameinamisha kichwa. 

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya mtu asiyejua utaratibu wetu, akitumia neno alilokuwa nalo.

"Imeshikwa," akasema Mama Surjit.

Barasa ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kile cha mtu anayetua mzigo, akainua kichwa akasema, "Amina." Kisha wa pili akasema, na wa tatu, hadi ukumbi wote.

Kibao cha mlango wa Mama Surjit kiligeuzwa mara ya mwisho miaka kadhaa iliyopita, naye amepumzika. Kile kibanio cha kulia ninacho, juu ya kabati, pamoja na mpira wake uliolika. Neema amekiona tangu akiwa mtoto akadhani ni kifaa cha kubania karatasi. Uliniuliza unashika nini, mjukuu wangu. Mashine yako itakupangia macho vizuri kuliko mimi nilivyowahi kuyapanga, na nafurahi. Ikishamaliza, washa, ngoja itulie, kisha weka kiganja chako juu ya uzi, uangalie sindano. Usiseme umeshika kabla hujashika.